Kompyuta Inapoikataa Bodi: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu ya USB

Nakala ya mazungumzo kwa wanafunzi, wakufunzi na mafundi wa vituo vya mafunzo ya ufundi, Meru na Embu



Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliziachia kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa sababu hiyo, bodi ndogo ya umeme inayolala juu ya meza ya karakana huko Runyenjes, Siakago, Nkubu au Maua bila kufanya kazi ni jambo linaloihusu kaunti, sawa na cherehani iliyokwama au mashine ya kulehemu isiyowaka. Mazungumzo haya yanahusu bodi ya aina hiyo, ile ambayo mwanafunzi ameiunda kwa mikono yake, akaichomeka kwenye kompyuta, na kompyuta ikaikataa.

Bodi yenyewe si kitu cha ajabu. Ina chipu ya maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya kipande kimoja cha plastiki chenye miguu. Ina kristali ya kupiga mapigo ya saa, rezista chache, kapasita mbili tatu, na tundu la USB la kuiunganisha na kompyuta kubwa. Chipu zinazopatikana kwa urahisi ni za jamii ya ATmega8 na ATmega328P, hizi hizi zinazotumiwa kwenye bodi za Arduino, mradi ulioanzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka wa 2005. Tofauti ni kwamba bodi ya dukani imekwisha kupimwa na kiwanda. Ile ya karakana hupimwa na aliyeiunda, na hapo ndipo kazi ilipo.

Chukulia kijana wa Runyenjes aliyeunda bodi ya kuongoza joto la mashine ya kuangua vifaranga. Mayai ya majirani yamo ndani, siku ya 9 kati ya 21. Joto linatakiwa kukaa karibu na nyuzi 37.5, na likipanda au kushuka kwa saa kadhaa vifaranga hufia ndani ya yai. Kijana anataka kusoma kumbukumbu ya joto la usiku na kurekebisha kiwango. Anachomeka waya wa USB na kompyuta inamwambia kwamba kifaa hakikutambuliwa. Afanye nini?

Wengi wakifika hapo husema chipu imeungua. Neno hilo ni ghali. Atakayeliamini atapanda gari asubuhi kwenda Luthuli Avenue, Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Embu na zaidi ya 200 kutoka Meru mjini, atanunua chipu mpya, atarudi jioni, ataitia mahali pa ile ya kwanza, na kompyuta itaikataa vilevile. Kosa lilikuwa kwenye rezista ya bei ya peremende, au kwenye waya wa kuchajia simu. Chipu za aina hii ni ngumu kuliko zinavyodhaniwa. Kabla ya kuishtaki chipu, kuna ushahidi mwingine wa kusikiliza, na kwa bahati nzuri kompyuta yenyewe ndiyo shahidi mkuu.

Lakini kwanza kompyuta ilindwe. Katika vituo vingi kompyuta moja hutumiwa na wanafunzi wengi, na bodi yenye kosa inaweza kuua tundu la USB au kuleta hasara kubwa zaidi. Bodi mpya isichomekwe kwenye kompyuta ya kituo kabla ya kupimwa kwa mita. Mita iwekwe kwenye kipimo cha ukinzani, ncha moja iguse laini ya volti 5 ya bodi, nyingine iguse grandi, yaani upande wa hasi. Mita ikionyesha karibu sifuri, au ikilia, laini hizo mbili zimegusana mahali fulani. Mara nyingi ni tone la risasi lililoruka kati ya miguu miwili, na kioo cha kukuzia kitalionyesha. Baada ya hapo bodi ijaribiwe kwanza kwa pawabenki ya simu, si kwa kompyuta. Chipu ikipata moto kiasi cha kuchoma kidole, kuna kosa la umeme, na kompyuta imenusurika. (Pawabenki nyingi hujizima zinapoona kifaa kinachotumia umeme kidogo sana. Bodi ikizimika baada ya nusu dakika hivi, asishtuke mtu, hiyo si hitilafu ya bodi.)

Hatari kubwa zaidi hutoka kwa sola. Sehemu za chini za Mbeere na Tharaka, na hata Igembe, bodi nyingi huendeshwa kwa betri ya volti 12 kupitia chipu ya kupunguza umeme, ile iitwayo 7805. Betri hiyo inapochajiwa na paneli inaweza kupanda hadi volti 14 na zaidi. Chipu ya 7805 hutoa volti 5 kwa uaminifu mradi mguu wake wa grandi umeshika vizuri. Mguu huo ukiachia, kwa sababu ya lehemu mbaya au waya kutikiswa, volti zinazotoka upande wa pili hupanda karibu na zile zinazoingia. Wakati huo kama waya wa USB umechomekwa, umeme huo wote unaelekea kwenye maikrokontrola na kwenye tundu la kompyuta.

Kwa hiyo, bodi yenye betri yake isiunganishwe na kompyuta huku betri ikiwaka, isipokuwa laini ya volti 5 ya USB imetenganishwa na ile ya betri. Njia nyepesi ni kuweka swichi ndogo ya kuchagua chanzo kimoja kwa wakati mmoja. Njia nyingine ni dayodi ya Schottky, kwa mfano 1N5819, kwenye kila chanzo, ili umeme uende upande mmoja tu. Dayodi hiyo hula sehemu ndogo ya volti, jambo ambalo bodi nyingi huvumilia. Fyuzi inayojirudisha yenyewe, ya miliampea 500, ikiwekwa kwenye laini ya volti 5 ya USB, ni ulinzi wa bei ndogo ambao hakuna mkufunzi anayepaswa kuuruka.

Bodi ikishapita hapo, ichomekwe, na aliyeichomeka atazame kompyuta inajibu vipi. Majibu ni ya aina tatu. Kompyuta inaweza kunyamaza kabisa, isitoe mlio wala ujumbe. Inaweza kulalamika kwamba kifaa hakikutambuliwa. Au inaweza kukitambua kifaa, ikataja hata jina lake, lakini programu ikashindwa kukitumia. Majibu haya matatu yana makosa tofauti kabisa. Fundi anayeyachanganya atahangaika na draiva siku nzima ilhali waya wake hauna nyuzi za data.

Ili kuelewa tofauti hiyo, inafaa kujua kompyuta hujuaje kwamba kitu kimechomekwa. USB, iliyotolewa rasmi mwaka wa 1996, ina nyuzi nne: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya grandi, na mbili za data, nyeupe iitwayo D− na kijani iitwayo D+. Rangi hizo ndizo za kawaida, ingawa waya za bei rahisi hazizifuati kila mara. Upande wa kompyuta, kila uzi wa data umefungwa chini kwa rezista ya kilo-omu 15, kwa hiyo tundu likiwa tupu nyuzi zote mbili ziko sifuri. Upande wa kifaa kuna rezista moja ya kilo-omu 1.5 inayovuta uzi mmoja juu, hadi volti 3 na ushei. Ni kama mwanafunzi anayeinua mkono darasani. Mkono ukiinuliwa kwenye D+, kompyuta inajua kifaa kinasema kwa kasi ya megabiti 12 kwa sekunde. Ukiinuliwa kwenye D−, ni kifaa cha polepole, cha megabiti 1.5. Baada ya kuuona mkono ndipo kompyuta huanza kuuliza maswali: wewe ni nani, umetengenezwa na nani, unahitaji umeme kiasi gani.

Kimya basi maana yake ni kwamba mkono haukuonekana. Hakuna haja ya kugusa programu wala kristali. Kosa liko kwenye waya, kwenye umeme, au kwenye rezista ile moja.

Waya ndio wa kushukiwa kwanza. Waya nyingi zinazouzwa na wachuuzi wa stendi ni za kuchajia tu: ndani zina nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi, na za data hazimo. Taa ya bodi itawaka vizuri na mwenye bodi ataapa kwamba waya ni mzima. Jaribio lake ni rahisi. Waya ukiingia kwenye simu, uunganishwe na kompyuta na simu iwekwe kwenye hali ya kuhamisha faili. Picha za simu zikionekana kwenye kompyuta, nyuzi za data zipo. Simu ikichaji tu, waya huo urudi kazi yake ya kuchaji. Waya uliopita jaribio ufungwe utepe wa rangi na usitoke karakanani.

Kisha tundu lenyewe. Kwenye tundu la kawaida la mraba au bapa, miguu imepangwa hivi: 1 ni volti 5, 2 ni D−, 3 ni D+, 4 ni grandi. Kwenye tundu dogo la simu za zamani, yaani maikro-USB, kuna miguu mitano, na mguu wa 4 si grandi. Grandi ni wa 5. Anayehamisha mchoro kutoka tundu moja hadi jingine bila kuangalia hapo huacha bodi bila grandi.

Tundu la kisasa la aina ya C lina mtego wake. Kifaa chenye tundu hilo kinatakiwa kuwa na rezista mbili za kilo-omu 5.1, moja kwa kila mguu wa CC, kwenda grandi. Zikikosekana, bodi itafanya kazi kwa waya wenye kichwa bapa cha zamani upande wa kompyuta, lakini kwa waya wa C pande zote mbili haitapata umeme kabisa. Mwanafunzi ataona bodi inafanya kazi kwenye kompyuta ya kituo na kufa kwenye laptopu mpya ya mjomba wake, na atailaumu laptopu.

Umeme ukiwa upo na waya ni mzima, ipimwe rezista ya kilo-omu 1.5. Rangi zake ni kahawia, kijani, nyekundu. Ile ya kilo-omu 15, ambayo wengi huichanganya nayo, ina kahawia, kijani, rangi ya chungwa. Kwenye mwanga hafifu wa karakana nyekundu na rangi ya chungwa hufanana, kwa hiyo macho yasiaminiwe, mita ndiyo iamue. Bodi ikiwa imechomekwa, mita ikiwekwa kati ya grandi na uzi ulioinuliwa isome karibu volti 3. Ikisoma sifuri, au sehemu ndogo tu ya volti, mkono haujainuliwa.

Jibu la pili, la malalamiko, kwa kweli ni habari njema. Kompyuta imeuona mkono, imeuliza swali, na jibu halikueleweka. Kwenye Windows ujumbe huo huja na namba 43. Kwenye Linux amri ya dmesg huonyesha mistari yenye kosa -71 au -110, moja ikimaanisha jibu lililoharibika na nyingine jibu lisilofika. Hapa ndipo pana kazi ya kifundi hasa, na inafaa pachukue muda.

Kwa bodi za ATmega zisizo na chipu maalumu ya USB, kazi ya kusema na kompyuta hufanywa na programu. Inayojulikana zaidi ni V-USB, iliyoandikwa na kampuni ya Objective Development ya Vienna, Austria. Programu hii hufanya chipu isiyojua USB iseme USB ya polepole, ya megabiti 1.5, kwa kuhesabu mapigo ya saa yake mwenyewe. Ni ujanja mzuri sana, na bila huo wanafunzi wengi duniani wasingepata bodi ya bei wanayoimudu. Lakini ujanja huo una masharti yasiyobembelezwa.

Sharti la kwanza ni nyuzi kuwa mahali pake. Kwa kuwa V-USB ni ya polepole, rezista ya kuinua mkono lazima iwe kwenye D−. Kwenye Linux, dmesg hutaja kasi iliyoona: ikiandika "low-speed", mkono umeinuliwa mahali sahihi. Ikiandika "full-speed" kwa bodi ya V-USB, D+ na D− zimebadilishana mahali, au rezista imewekwa kwenye uzi usio wake. Neno moja kwenye skrini linaokoa saa nzima ya kupima. Hii peke yake ni sababu ya kila kituo kuwa na angalau kompyuta moja ya Linux, hata kama ni kuukuu.

Sharti la pili ni volti za nyuzi za data. Nyuzi hizo hazitakiwi kuzidi volti 3.6, ilhali chipu inayoendeshwa kwa volti 5 husukuma volti 5. Ndiyo maana mchoro unaonyesha dayodi mbili za zena za volti 3.6 na rezista mbili za omu 68. Muuzaji asipokuwa na zena ndogo humpa mteja zile nene za wati 1, akisema ni bora kwa kuwa zina nguvu. Kwa kazi hii si bora. Zena nene hubeba umeme kama kapasita, na mawimbi ya data hufika yakiwa yamelegea. Zinazofaa ni za nusu wati au chini ya hapo. Akikosa hizo, kuna njia nyingine inayokubalika: kuziondoa zena zote mbili na kuipa chipu yenyewe karibu volti 3.6, kwa kupitisha volti 5 ndani ya dayodi mbili za kawaida zilizofuatana.

Sharti la tatu ni saa, na hapa ndipo bodi nyingi za karakana hukwama. Chipu ya ATmega8 au ATmega328P inapotoka kiwandani haitumii kristali iliyofungwa kando yake. Inatumia saa yake ya ndani, nayo inakwenda megahezi 1 tu. Kristali ya megahezi 12 au 16 inaweza kuwa imefungwa kwa ustadi mkubwa kwenye miguu ya 9 na 10, na chipu ikaipuuza kabisa hadi iambiwe. Kuiambia ni kubadilisha mipangilio inayoitwa fyuzi. Jina hilo linapotosha, kwa sababu hakuna kinachoungua, ni swichi za kumbukumbu ndani ya chipu. Mipangilio hiyo husomwa na kuandikwa kwa kifaa cha kupakia programu. Bodi ya kawaida ya Arduino Uno inaweza kugeuzwa kuwa kifaa hicho, kwa hiyo Uno moja inatosha kituo kizima.

Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua bila vyombo vya gharama. Programu fupi ya kuwasha na kuzima taa kila sekunde ipakiwe, ikiwa imeandikwa kwa ajili ya kristali ya megahezi 12. Taa ikichukua sekunde 12 badala ya moja, chipu bado iko kwenye saa ya kiwandani. Kabla ya kuandika fyuzi mpya, namba zihakikiwe mara mbili kwenye karatasi ya maelezo ya chipu ile ile iliyopo mezani, kwa kuwa namba za ATmega8 si za ATmega328P. Chipu iliyoambiwa itumie kristali ilhali kristali haishiki vizuri haitajibu tena hata kifaa cha kupakia, na watu huitupa wakidhani imekufa, wakati inachohitaji ni kristali nzima na kapasita mbili za pikofaradi 22 zilizolehemiwa sawasawa.

Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya volti 5 na grandi, karibu kabisa na miguu ya chipu, nayo isidharauliwe. Mguu wa 20, AVCC, uunganishwe na umeme hata kama mwenye bodi hatumii sehemu hiyo ya chipu. Na D+ lazima ifike mguu wa 4, isipokuwa faili ya mipangilio ya V-USB imesema vingine. Mchoro wa mtu mmoja na faili ya mtu mwingine vikichanganywa, chipu itasubiri maswali kwenye mguu ambao hakuna anayeugonga.

Sharti la nne ndilo linalomhusu yule kijana wa mashine ya kuangua. Bodi yake ilipojaribiwa mara ya kwanza, mezani, kabla ya kuongezwa kipima joto, kompyuta iliitambua. Baada ya kuongeza kipima joto cha DHT22 na programu ya kukisoma, ikakataliwa. Hakuna waya uliobadilishwa. Hapo kosa halitafutwi kwa mita. V-USB inataka programu kuu ipite kwenye kazi ya kuhudumia USB kabla ya kila milisekunde 50 kwisha. Mstari mmoja unaoiambia chipu isubiri sekunde moja kabla ya kupima joto tena unatosha kuifanya kompyuta ione kifaa kimezirai. Zaidi ya hapo, baadhi ya programu za kusoma vipima joto vya aina hiyo huiziba chipu masikio kwa milisekunde kadhaa ili zihesabu mapigo ya kipima. Swali la USB likija wakati huo halisikiki.

Dawa yake ni kuondoa kila mstari wa kusubiri na kutumia hesabu ya muda badala yake, yaani programu izunguke bila kusimama na kuuliza tu kama sekunde mbili zimepita. Kipima kinachoziba masikio kibadilishwe kwa kile kinachotoa volti kulingana na joto, kama LM35, kwa kuwa kusoma volti hakuhitaji chipu iache kazi nyingine. Na wakati marekebisho yanafanywa, mayai hayawezi kusubiri. Bodi inayolinda joto isitolewe mashineni ili ikachunguzwe. Ichunguzwe nakala yake. Aliyeunda bodi moja ya kazi yenye uhai ndani yake anatakiwa kuunda mbili, na kwa sehemu za bei hii si mzigo mkubwa.

Jibu la tatu, la kifaa kutambuliwa na kutotumika, huonekana kubwa lakini ni jepesi. Bodi ni nzima. Kwenye Windows, namba 28 inasema tu kwamba draiva haijawekwa. Kwenye Linux, mara nyingi mtumiaji hana ruhusa: kwa bodi zinazoonekana kama laini ya data, jina lake liongezwe kwenye kundi la dialout, kisha atoke na kuingia tena kwenye kompyuta. Wenye Ubuntu 22.04 na bodi za chipu ya CH340 wamekutana na kioja kingine: programu ya brltty, iliyokusudiwa kuwasaidia wasioona kusoma kwa vidole, huidhani CH340 kuwa mashine ya nukta nundu na kuinyakua. Kama hakuna anayeihitaji kwenye kompyuta hiyo, ikiondolewa bodi inarudi.

Ipo pia hadithi ya kweli inayofaa kukumbukwa na kila anayenunua chipu kwa bei ya chini mno. Mwaka wa 2014 kampuni ya FTDI ya Uskoti, watengenezaji wa chipu za USB zinazotumika sana, ilitoa draiva mpya iliyosambazwa kupitia Windows. Draiva hiyo ilipokutana na chipu bandia zenye jina la FTDI, ilizibadilishia namba ya utambulisho ikawa sifuri. Bodi zilizokuwa zikifanya kazi jana yake zikaacha kutambuliwa, na wenye bodi wengi hawakuwa hata wanajua kwamba walinunua bandia. Kelele zilipozidi, kampuni iliiondoa draiva hiyo. Fundi aliyeibadilisha waya na rezista siku ile asingepata kosa lolote.

Mwisho ni lehemu. Umeme ukishuka, kichomeo kisicho na kidhibiti joto hupoa, na risasi hushika juu juu bila kuingia. Lehemu ya namna hiyo huwa na rangi ya majivu na mikunjo badala ya kung'aa. Bodi yenye lehemu hiyo hukubaliwa asubuhi na kukataliwa mchana, hukubaliwa ikishikwa kwa kidole na kukataliwa ikiachiliwa. Miguu ya tundu la USB ndiyo huathirika zaidi, kwa kuwa kila mara waya ukichomekwa inavutwa. Bodi inayobadilika hivyo irudiwe lehemu zote za tundu na za kristali kabla ya jambo jingine.

Atakayemletea mkufunzi bodi yake, iwe ni kituoni, kwenye Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Meru, au kwa rafiki anayesoma Nchiru au Chuo Kikuu cha Embu, afike na mchoro wa bodi kama ilivyo, si kama ilivyokusudiwa. Afike na waya alioutumia. Awe ameandika neno kwa neno kile kompyuta ilichosema, pamoja na namba ya kosa, na volti alizozisoma kwenye laini ya 5, kwenye D− na kwenye D+. Mkufunzi akiwa na karatasi hiyo mkononi anaweza kusema kosa liko upande gani kabla hata ya kuichomeka bodi.